Dean Mahomed: Mhindi aliyefilisiwa na mkahawa wake London, kisha akainuka tena

KATIKA mtaa wa George karibu na Portman Square jijini London, kuna kibao cha kijani kilichobandikwa ukutani mwaka 2005. Kibao hicho kinawaarifu wapita njia kwamba hapo ndipo ulipokuwa Hindoostane Coffee House, mkahawa wa kwanza wa Kihindi katika jiji hilo, uliofunguliwa mwaka 1810. Mwenyewe alikuwa Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, India.

Jambo ambalo kibao hicho hakielezi ni kwamba mkahawa huo ulimfilisi. Miaka miwili tu baada ya kuufungua, Mahomed alikuwa mtu wa miaka 53 mwenye mke, watoto na madeni asiyoweza kuyalipa. Biashara iliyolihifadhi jina lake hadi leo ndiyo iliyomwangusha, na ile iliyomtajirisha na kumfikisha katika kasri la wafalme wa Uingereza ni wachache wanaoikumbuka.

Kati ya anguko hilo na utajiri huo kuna kisa cha mhamiaji aliyelazimika kujifunza, tena kwa gharama kubwa, ni kitu gani kutoka kwao ambacho wenyeji wangekubali kukilipia.

Mtoto wa kambi

Mahomed alizaliwa mwaka 1759 katika familia ya Kiislamu. Wakati huo Kampuni ya East India, iliyoanzishwa na wafanyabiashara wa Kiingereza, ilikuwa inageuka kutoka chombo cha biashara na kuwa dola. Ilikuwa na majeshi yake, ilikusanya kodi na iliwaondoa au kuwasimika watawala wa nchi ilivyopenda. Maelfu ya Wahindi walijiandikisha kuwa askari wake, na baba yake Mahomed alikuwa mmoja wao katika jeshi la Bengal.

Baba huyo aliuawa vitani mwaka 1769, mwanawe akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Badala ya kutulia nyumbani, kijana yule alivutwa na ngoma, sare na mahema ya kambi. Alijiambatanisha na ofisa mmoja kijana kutoka Ireland, Godfrey Evan Baker, akawa chini ya ulezi wake. Mama yake alijitahidi kumrejesha nyumbani, lakini juhudi zake hazikufua dafu.

Kwa zaidi ya miaka kumi Mahomed alitembea na jeshi hilo katika miji na mabonde ya kaskazini mwa India. Alianza akiwa mfuasi wa kambi asiye na cheo, akapanda hadi akapewa jukumu la kusimamia soko la kikosi. Hiyo haikuwa kazi ndogo. Jeshi lilipokuwa safarini lilifuatana na soko zima, na msimamizi ndiye aliyehakikisha kwamba nafaka, nyama, samli na viungo vinapatikana, na kwamba wauzaji hawawapunji askari. Hapo ndipo alipopata mafunzo yake ya kwanza ya kulisha watu kwa malipo. Baadaye alipanda hadi cheo cha subedar, mojawapo ya vyeo vya juu ambavyo Mhindi angeweza kupata katika jeshi hilo.

Mnamo 1782 Baker alishutumiwa kwamba aliwatoza wanakijiji fedha kwa nguvu, akajiuzulu. Mahomed alijiuzulu pamoja naye. Miaka miwili baadaye wote wawili walipanda meli wakaelekea Ulaya, Mahomed akiwa na umri wa miaka 25. Hakurudi tena India.

Cork: Ndoa na kitabu

Walitua Cork, mji wa bandari kusini mwa Ireland ambako jamaa za Baker walikuwa watu wenye mali na jina. Mahomed aliishi chini ya kivuli cha familia hiyo, akatumia nafasi hiyo kujifunza vizuri kusoma na kuandika Kiingereza. Katika masomo hayo alikutana na msichana wa Kiprotestanti, Jane Daly. Jamaa za msichana hawakuuafiki uhusiano huo, kwa hivyo wapenzi hao walitoroka pamoja, wakafunga ndoa mwaka 1786. Ili ndoa hiyo ikubalike, Mahomed alijiunga na kanisa la Kianglikana.

Mwaka huo huo wa 1786 Baker alifariki dunia. Mhamiaji huyo sasa hakuwa na yule bwana aliyemleta, ila alibaki na mke, lugha mpya, na mji uliomtazama kama kioja. Badala ya kuuchukia mtazamo huo, aliamua kuutumia.

Mnamo 1794 alichapisha kitabu kuhusu safari zake nchini India. Kilikuwa na majuzuu mawili, kimeandikwa kwa mtindo wa barua 38 kwa rafiki wa kubuni. Alieleza miji, mazao, desturi za Waislamu, harusi, mazishi, vita na vyakula vya nchi aliyoiacha. Hakikuwa na mchapishaji tajiri aliyekigharamia. Yeye mwenyewe alikusanya majina ya mamia ya watu wa tabaka la juu waliokubali kulipia nakala zao kabla ya kitabu kutoka. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kilichoandikwa na Mhindi na kuchapishwa kwa Kiingereza.

Mpango huo ulidhihirisha kipawa ambacho kingemfaa maishani. Mahomed alielewa kwamba Wazungu wa tabaka hilo walikuwa na hamu ya India, na kwamba yeye alikuwa na India moyoni mwake ambayo wengi wao hawakuweza kuifikia. Msafiri maarufu kutoka India, Abu Taleb Khan, alipopita Cork mwaka 1799, alimkuta mwananchi mwenzake huyo akiwa na nyumba yake, mke mzuri na watoto kadhaa.

Mkahawa wa viti vya mianzi

Hata hivyo, mji wa Cork haukumtosha. Karibu mwaka 1807 Mahomed, akikaribia umri wa miaka 50, alihama tena na familia yake hadi London. Alipata kazi katika nyumba ya Basil Cochrane, Mskochi aliyechuma mali nyingi India na kujenga katika makao yake ya Portman Square bafu la mvuke kwa ajili ya matibabu. Kwenye huduma hiyo Mahomed aliongeza ufundi wa kwao wa kukanda mwili. Wateja waliipenda, lakini sifa nyingi zilimwendea mwenye nyumba.

Mtaa huo ulikuwa umejaa watu wa aina ya Cochrane, yaani maofisa na wafanyabiashara waliostaafu baada ya kutajirika India. Walirudi Uingereza na fedha, maradhi ya joto na ndimi zilizozoea pilipili. Mahomed aliwatazama akaona soko. Mwanzoni mwa mwaka 1810 alifungua mkahawa wake katika mtaa wa George, hatua chache kutoka walikoishi.

Katika London ya wakati huo, mkahawa haukuwa mahali pa kunywa kahawa tu. Watu walikutana humo kusoma magazeti, kufanya biashara na kusikia habari za meli. Mahomed alichukua desturi hiyo ya Kiingereza akaivika vazi la kwao. Wateja walikaa kwenye viti na makochi ya mianzi, wakizungukwa na picha za mandhari ya India. Katika chumba cha pembeni waliweza kuvuta buruma, ile ambayo vijana wa leo wanaijua kama shisha, kwa tumbaku iliyochanganywa na viungo kwa mtindo wa Kihindi.

Chakula ndicho kilichokuwa fahari yake. Orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa mkono, ambayo imesalia hadi zama zetu, ina aina 25 za mapishi, miongoni mwao pilau ya nanasi, mchuzi wa kuku wa bizari na mchuzi wa kamba. Katika matangazo yake magazetini, Mahomed aliwahakikishia wateja kwamba mapishi yake ni ya asili na kwamba mvinyo wake ni wa hali ya juu. Si kwamba bizari ilikuwa ngeni London, kwa kuwa baadhi ya mikahawa ya Kiingereza ilikuwa ikiuza vyakula vya namna hiyo tangu karne iliyotangulia. Jambo jipya lilikuwa kwamba mwenye jiko, mwenye meza na mwenye jina mlangoni alikuwa Mhindi mwenyewe.

Anguko

Waliokula kwake walisifu, ila sifa hazilipi kodi ya nyumba. Mahomed alitumia fedha nyingi kupamba mkahawa, kuagiza tumbaku na viungo kutoka mbali na kuwalipa wafanyakazi, kabla ya kupata wateja wa kutosha kuzirudisha gharama hizo.

Aidha, hesabu zake kuhusu wateja zilikuwa na kasoro ambayo hakuiona mapema. Matajiri waliorudi kutoka India walikuja na wapishi na watumishi wao wa Kihindi. Mtu anayepikiwa pilau nyumbani kwake kila siku hana haja ya kuvuka barabara na kuinunua. Nao wafanyabiashara waliotaka kuzungumzia bei za pamba na hariri walikuwa na mikahawa yao ya siku nyingi katikati ya jiji, karibu na ofisi za kampuni na mabenki, mbali na Portman Square. Waingereza wa kawaida ambao hawakuwahi kufika India walikuwa bado hawajazoea vyakula hivyo, wala hawakuwa na fedha za kulipia anasa kama hiyo.

Kwa maneno mengine, Mahomed aliwauzia watu wachache kitu walichokuwa nacho tayari, na wale wengi ambao hawakuwa nacho alikuwa amewatangulia kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1812 aliomba rasmi atangazwe kuwa amefilisika, na mali yake ikagawiwa wadai. Mkahawa wenyewe haukufa mara moja. Uliendelea chini ya watu wengine kwa miaka kadhaa, jambo ambalo bila shaka lilimkereketa zaidi mwanzilishi wake. Yeye aliondoka mikono mitupu.

Mnamo 1813 kulitokea tangazo dogo gazetini likimtafutia Mahomed kazi ya utumishi katika nyumba ya bwana yeyote mwenye nafasi. Mtu aliyekuwa subedar jeshini, mwandishi wa kitabu na mwenye mkahawa, alikuwa tayari kupanga nguo za mtu mwingine ili watoto wake wale.

Brighton: Mikono yenye dawa

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mnamo 1814 Mahomed na Jane walihamia Brighton, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza ambao ulikuwa unakua kwa kasi kwa sababu mwana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la George wa Nne, aliupenda na kujenga kasri lake huko. Matajiri walimfuata kuoga maji ya bahari, ambayo madaktari wa enzi hizo waliamini kwamba huponya kila ugonjwa.

Mahomed alianza kwa kufanya kazi katika nyumba ya kuogea. Safari hii hakuchukua pilau. Alichukua ule ufundi aliokuwa ameutumia kwa Cochrane. Mgonjwa aliingizwa katika mvuke uliotiwa mitishamba kutoka India hadi akatokwa na jasho jingi. Kisha aliwekwa ndani ya hema dogo la kitambaa cha sufi lenye mikono ya nguo ubavuni, na mkandaji, akiwa nje, aliingiza mikono yake humo na kuanza kuuchua mwili, kiungo baada ya kiungo.

Mwanzoni wenyeji walishuku. Baadhi ya madaktari walimbeza, na kulikuwa na watu walioona haya kushikwa na mgeni namna hiyo. Mahomed aliwatibu baadhi ya wagonjwa bila malipo ili wawe mashahidi wake. Waliougua baridi yabisi, jongo na kupooza walipopata nafuu, walimwachia magongo yao, naye aliyatundika ukutani ili kila anayeingia ayaone. Lilikuwa tangazo lililoshinda yote aliyowahi kuyalipia magazetini.

Kufikia mwaka 1821 alikuwa na jengo la fahari lililokabili bahari, likibeba jina lake. Jane alisimamia upande wa wanawake. Mwaka uliofuata Mahomed alichapisha kitabu kuhusu tiba hiyo, kilichojaa visa vya wagonjwa aliowatibu, nacho kikachapishwa tena zaidi ya mara moja. Aliteuliwa rasmi kuwa mkandaji wa Mfalme George wa Nne, na baada yake William wa Nne. Mtu ambaye miaka michache kabla alikuwa akitafuta bwana wa kumtumikia, sasa alikuwa akiitwa kasri kuwahudumia wafalme.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa kwamba Brighton iliipenda India kuliko London. Ni kwamba Mahomed alikuwa amepata kitu ambacho mteja hakuweza kukipata nyumbani kwake, na ambacho mtu mwenye maumivu hangeweza kukiahirisha.

Umri wa kubuni

Hata hivyo, ukweli ulilazimika kupindwa kidogo njiani. Jamii ya Kiingereza haikuwa tayari kumwamini tabibu asiyekuwa na mafunzo. Katika kitabu chake cha tiba, Mahomed alidai kwamba alizaliwa mwaka 1749, akajiongezea miaka kumi, na kwamba kabla ya kuwa askari alisomea udaktari India. Kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1794 kilionyesha maisha tofauti kabisa, ya mtoto aliyeingia kambini akiwa na miaka kumi hivi.

Udanganyifu huo haufai kufunikwa, lakini unaeleza hali ya wahamiaji wengi. Nafuu ya wateja wake pekee haikutosha kumpa heshima. Alihitaji cheti, na kwa kuwa hakuwa nacho, alijitungia wasifu. Kumbukumbu zake kuhusu India, ambazo kwanza alizisimulia Cork na kisha kuzipika London, Brighton alizigeuza kuwa shahada.

Machweo

Ustawi huo nao ulikuwa na mwisho. Malkia Victoria, aliyerithi kiti cha ufalme mwaka 1837, hakuipenda Brighton, na mwaka 1850 kasri la kifalme liliuzwa kwa mji huo. Tayari mwaka 1841 reli kutoka London ilikuwa imefika, ikileta umati wa watu wa kawaida na kuwafukuza wakubwa waliopenda faragha.

Isitoshe, Mahomed alikuwa amerudia kosa la kutegemea mfuko wa mwingine. Jengo lile lenye jina lake halikuwa mali yake, bali lilijengwa kwa fedha za mshirika. Mshirika huyo alipofariki, jengo lilitiwa mnadani mwaka 1841, na Mahomed, akiwa na zaidi ya miaka 80, hakuweza kulinunua. Familia iliendelea na huduma hiyo katika nyumba ndogo zaidi.

Jane alifariki mwishoni mwa mwaka 1850. Mahomed alimfuata mnamo Februari 24, 1851, baada ya ndoa iliyodumu miaka 64. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la St Nicholas, Brighton. Hakuacha utajiri mkubwa, ila aliacha wanawe wakiendesha mabafu London na Brighton. Mjukuu wake, Frederick Akbar Mahomed, alipata kile ambacho babu alikidai bila kuwa nacho. Alisomea udaktari, akafanya kazi katika hospitali ya Guy's jijini London, na utafiti wake kuhusu shinikizo la damu bado unatambuliwa na wataalamu hadi sasa.

Alichokiacha

Kwa muda mrefu jina la Mahomed lilisahaulika. Mwaka 1926, miaka 116 baada yake, mkahawa wa Veeraswamy ulifunguliwa London na kupata wateja ambao yeye aliwakosa. Baadaye wahamiaji kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka eneo la Sylhet katika Bangladesh ya leo, walifungua mikahawa katika karibu kila mji wa Uingereza. Kufikia mwaka 2001 waziri wa mashauri ya kigeni wa nchi hiyo, Robin Cook, alikuwa akikitaja chakula cha kuku kilichozaliwa katika mikahawa hiyo kuwa chakula cha kitaifa. Mnamo 2018 ile orodha ya vyakula ya Hindoostane, karatasi ya mkahawa uliokosa wateja, iliuzwa kwa pauni 8,500.

Alama yake nyingine iko karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili. Ufundi wake wa kukanda ulijulikana kwa neno la Kihindi lenye maana ya kubonyeza au kuchua, ambalo Waingereza walikuwa wamelisikia kabla yake lakini ambalo yeye ndiye aliyelieneza miongoni mwao. Baada ya kifo chake maana ya neno hilo ilihama kutoka mwili mzima na kubakia kichwani. Kila Mkenya anayeingia saluni na kuomba shampuu analitamka neno hilo hilo.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mahomed alikuja na sahani ya pilau, mwenyeji akaipuuza. Alikuja mara ya pili na mikono mitupu, mwenyeji akapona.